Paka aligeuka paa, mbwa akawa nyani

Mwaka jana mchapishaji mmoja wa vitabu vya watoto aliniletea mswada niupitie kabla haujapelekwa mitamboni. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kijana maskini aliyesaidiwa na paka mwerevu, paka mwenye kuvaa buti na kusema uongo kwa niaba ya bwana wake, hadi kijana akamwoa binti wa mfalme. Barua iliyoandamana na mswada huo ilijisifu kwamba hadithi hii sasa inawafikia watoto wa Afrika Mashariki kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza.

Nilicheka. Kisha nikakasirika kidogo. Halafu nikainuka kwenda kwenye rafu kuitafuta nakala yangu kuukuu ya hadithi alizozikusanya Edward Steere kule Unguja, kitabu kilichochapishwa London mwaka 1870. Hadithi hiyo imo humo. Imekuwa humo kwa zaidi ya miaka 150, kwa Kiswahili safi cha Unguja. Tofauti ni kwamba aliyemsaidia maskini hakuwa paka. Alikuwa paa.

Wiki hii basi niruhusu, msomaji wangu, niweke kando mjadala wetu wa viambishi na nizungumzie vitabu vyangu nivipendavyo, vile vyenye wanyama ndani yake. Navipenda kwa sababu ya hadithi, lakini pia kwa sababu nyingine ya kihistoria. Masimulizi yanapovuka bahari, watu aghalabu huhifadhi mtiririko wa matukio na kumbadilisha mnyama. Ukitaka kujua hadithi imefika kwa nani na lini, muulize mnyama.

Tuanze na huyo paa. Steere alikuwa mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864, baadaye akawa askofu. Alikaa na wasimulizi, akaandika walivyosema, akaweka Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Katika hadithi ya Sultani Darai tunakutana na Hamdani, fukara asiye na mbele wala nyuma, ambaye kazi yake kutwa ni kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni. Anapita mtu mwenye tundu la paa wa kuuza, na Hamdani, badala ya kununua chakula, ananunua paa. Majirani wanamcheka: wewe mwenyewe huna cha kula, huyo paa utamlisha nini?

Paa huyo akaanza kusema. Akaomba ruhusa ya kwenda kujilisha mwenyewe porini na kurudi jioni. Huko akaokota almasi, akaipeleka kwa sultani mmoja na kudai imetoka kwa bwana wake, tajiri wa nchi ya mbali anayemposa binti yake. Ilipofika siku ya bwana harusi kuonekana, paa alimpiga Hamdani mpaka akavimba, akamwacha kando ya njia, kisha akakimbia kwa Sultani kusema kwamba bwana amenyang'anywa kila kitu na wevi, apelekewe nguo. Baadaye alimuua nyoka mwenye vichwa saba, akatwaa jumba lake na kumkabidhi Hamdani na mkewe.

Anayeijua hadithi ya paka iliyoandikwa na Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697 atatambua kila kitu hapo: zawadi kwa mfalme, wizi wa uongo, nguo za kuazima, jumba linalotwaliwa kutoka kwa kiumbe wa kutisha. Kabla ya Perrault, Waitalia wawili walikwisha kuiandika. Straparola alimtumia paka katika karne ya 16. Basile, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1634 baada ya yeye kufariki, naye alimtumia paka. Ukielekea mashariki, milima ya Caucasus na Asia ya Kati, mhusika huyo huyo ni mbweha.

Ila kuna jambo moja ambalo Perrault alilikata na Mswahili akalihifadhi. Paka wa Perrault anaishia kuwa bwana mkubwa, anawinda panya kwa kujifurahisha tu. Paka wa Basile alijifanya amekufa ili ampime bwana wake aliyemwahidi maziko ya heshima, akamsikia akiamuru ashikwe mguu na kutupwa dirishani. Aliinuka na kwenda zake. Paa wa Unguja hakujifanya. Aliugua kweli. Alimtuma bikizee kwa bwana, na bwana akajibu apikiwe uji wa mtama, huo huo mtama aliokuwa akiuokota jaani. Mke alimlaumu, bikizee akalia, Hamdani hakujali. Paa akafa, akatupwa kisimani. Sultani alipopata habari alikuja mwenyewe, akamtoa yule paa kisimani na kumzika kwa heshima, na watu wakaomboleza. Usiku ule mke akaota yuko kwa baba yake, alipoamka ni kweli. Hamdani naye akaota anachakura jaani. Kulipokucha, yuko jaani.

Nimewasomesha wanafunzi hadithi hiyo kwa zaidi ya miaka 30 na bado sijaona darasa lisilonyamaza pale kwenye kisima.

Sasa kwa nini paa? Jibu la haraka linalotolewa na wanafunzi ni kwamba Waswahili hawana habari na paka. Si kweli hata kidogo! Nenda Lamu, nenda Mji wa Kale Mombasa, utamkuta paka kwenye baraza, kwenye dari, kwenye mkeka wa mgeni. Paka ni tohara katika sheria ya Kiislamu na anapendwa. Naamini kosa la paka lilikuwa hilo la kuwa karibu mno. Paka wa mji wa pwani hanunuliwi, anajiingilia tu. Hadithi ilihitaji kitu kinachouzwa, tena kisicho na faida kwa fukara, ili majirani wapate la kucheka. Paa wa vichaka vya Unguja alitimiza sharti hilo. Zaidi ya hapo, paa ana hadhi katika masimulizi ya dini. Kipo kisa mashuhuri cha paa jike aliyenaswa, akamwomba Mtume amdhamini akanyonyeshe watoto wake, akaenda na akarudi kama alivyoahidi. Pwani yetu ina utenzi wa Ngamia na Paa uliotokana na masimulizi ya namna hiyo. Kwa msikilizaji wa Unguja wa miaka ya 1860, paa alikuwa na sifa ya kutimiza ahadi kabla hata hajafungua kinywa. Ukilijua hilo, unaona ukatili wa Hamdani ulivyokuwa mkubwa.

Katika kitabu hicho hicho cha Steere mna hadithi ya kima na papa. Papa alimbeba kima mgongoni kumpeleka baharini, na walipofika kilindini akamfunulia kwamba moyo wake unahitajiwa kuwa dawa. Kima akasema, hee, mbona hukuniambia mapema, mioyo yetu sisi huiacha mtini! Wakarudi, na kima hakushuka tena. Asili ya kisa hiki ni India, katika mkusanyiko wa Panchatantra, ambamo kima anabebwa na mnyama wa majini wa jamii ya mamba. Katika karne ya 6 mkusanyiko huo ulitafsiriwa kwa Kipahlavi, lugha ya Waajemi wa kale, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akautia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Huko mamba akawa kobe wa majini. Ulipofika Unguja, kobe akawa papa, maana mvuvi wa Unguja anajua ni nani hasa mwenye njaa baharini.

Tazama na mti. Kwa Wahindi ulikuwa mzambarau au jamaa yake wa karibu. Kwa Waarabu ukawa mtini. Kwa Waswahili ni mkuyu, nao mkuyu ni wa ukoo mmoja na mtini. Hapo naona nyayo za njia iliyofuatwa: hadithi yetu ilipita Arabuni, haikuja moja kwa moja na majahazi ya Gujarati.

Badiliko linalonifurahisha zaidi ni la mgonjwa. Katika matoleo ya kale anayeutamani moyo wa kima ni mke wa yule mnyama wa majini, mwenye wivu kwa sababu mumewe anashinda kwa rafiki yake. Ni ugomvi wa nyumbani. Katika toleo la Unguja mgonjwa ni sultani. Papa si mume aliyebanwa na mkewe tena, ni mtumishi wa dola aliyetumwa kuleta moyo wa raia. Hayo yalisimuliwa katika mji uliokuwa na sultani wake, Sayyid Majid, aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1870. Sisemi msimulizi alikuwa mpinzani wa serikali. Nasema tu kwamba alijua wasikilizaji wake watamwelewa kima.

Nije sasa kwa mbwa, maana kuna mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliyeniuliza kwenye semina, bila kupepesa macho: "Prof, mbona fasihi ya Kiswahili haina mbwa?" Yeye ni mtoto wa bara kama mimi. Nyumbani kwetu tulikuwa na mbwa jina lake Simba, na nadhani kila boma la kijiji chetu lilikuwa na mbwa jina lake Simba, hata ukiita mmoja jioni wanakuja sita. Swali lake lilinigusa. Mimi mwenyewe nililelewa na mbwa, nikaja kuipenda lugha ambayo vitabu vyake vya zamani vinampita mbwa kama vile hawamwoni.

Kwa kumjibu nilimpa Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Wengi wetu tulikisoma shuleni. Rai, mfalme wa Ughaibu, anamtuma Ikibali kwenda Janibu kwa liwali Adili kufuatilia kodi. Usiku mgeni anashuhudia jambo la ajabu. Adili, mtu mwema na mpole anayesifiwa na wote, anawachapa nyani wawili kwa mjeledi, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Mfalme anamwita ajieleze, na hapo tunapata habari kwamba nyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu, na jini aitwaye Huria akawageuza wanyama.

Wasomi wamekwisha kuonyesha kwamba kiini cha hadithi hii ni kisa cha Abdallah bin Fadhil kilicho karibu na mwisho wa Alfu Lela Ulela. Huko mfalme ni Harun al-Rashid wa Baghdad, liwali ni wa Basra, mjumbe amefuata kodi, mjeledi upo, ndugu wawili wapo. Wanaopigwa, hata hivyo, ni mbwa. Tena si mara moja kitabu hicho kinawageuza ndugu kuwa mbwa. Mzee wa pili katika zile hadithi za mwanzo anatembea na mbwa wawili weusi ambao ni kaka zake, na bibi mmoja wa Baghdad anawachapa mbwa jike wawili ambao ni dada zake. Mbwa walikuwa wengi kiasi hicho, na Shaaban Robert akawaondoa.

Aliwaondoa kwa nini? Maelezo ya kawaida ni najisi. Katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Liwali mwadilifu anayekumbatia mbwa na kuwalisha kwa mkono kila usiku angemshughulisha msomaji wa Tanga kwa hesabu za kutawadha badala ya masikitiko ya ndugu watatu. Nakubali, lakini hoja hiyo peke yake hainitoshi. Waarabu waliosimulia kisa hicho nao walikuwa Waislamu, na mbwa hakuwazuia.

Mimi naona sababu ya pili ina uzito zaidi. Qurani inawataja watu walioasi wakageuzwa manyani. Msomaji wa Shaaban alikuwa na picha hiyo akilini tangu chuoni. Nyani ni mtu aliyeshushwa. Anafanana nasi kiasi cha kutuaibisha: ana mikono, anakaa kitako, anakutazama usoni. Mbwa anapochapwa tunamhurumia mbwa. Nyani anapochapwa na ndugu yake tunauona udugu. Kumbuka pia kwamba katika miaka ya 1940 Shaaban alifanya kazi kwa muda katika idara ya serikali iliyohusika na wanyama, na kwamba Rai wake ni mfalme mwenye huruma kwa viumbe wote. Sitaki kuamini kwamba mtu huyo aliokota nyani ovyo ovyo.

Na mwisho wa kitabu unaniunga mkono. Katika Alfu Lela Ulela wale ndugu wanarudishiwa ubinadamu, wanamtosa tena Abdallah baharini, na hatimaye wananyongwa. Mbwa walibaki mbwa ndani yao. Shaaban Robert alikataa hilo. Hasidi na Mwivu wanarejeshewa utu wao, wanasamehewa, na mambo yanaisha kwa amani. Nyani wake walikuwa watu muda wote.

Mwanafunzi wangu hakuridhika. "Kwa hivyo mbwa alifutwa," alisema. Ndiyo, alifutwa, na kwetu sisi wa bara ni hasara, sina haja ya kuficha. Kwa mtu wa bara mbwa ni mlinzi wa mifugo na mwenzi wa kuwinda. Kiswahili kilipopanda reli kuja huku kilikuja na paka wake na paa wake, na Simba wetu akabaki nje ya kitabu akilinda mbuzi.

Mbwa alirudi kwa mlango wa tafsiri. Mwaka 1967 East African Publishing House ya hapa Nairobi ilitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell ya mwaka 1945. Mwaka huo huo, mwezi Februari, Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha, na kitabu kinachosimulia mapinduzi ya usawa yaliyotekwa na viongozi wake hakikuweza kusomwa kama hekaya ya watoto. Mimi nilikikuta katika kabati la shule miaka michache baadaye. Nilianza kukisoma nikidhani ni hadithi za sungura. Jameni! Wale watoto tisa wa mbwa walionyang'anywa mama zao wakafichwa darini, wakarudi wakiwa wakubwa, wakali, wanamtii mtu mmoja tu! Siku hiyo mbwa aliingia katika fasihi yangu ya Kiswahili, naye alikuwa askari wa siri. Paka wa shamba lile pia simsahau, yule aliyekuja kugunduliwa kwamba katika kura amepiga pande zote mbili. Nimekutana naye mara nyingi katika mikutano ya idara.

Katika kitabu hicho hakuna mnyama aliyebadilishwa. Nguruwe wa Orwell ni nguruwe hata mbele ya msomaji wa Pemba. Mambo yalikuwa yamebadilika. Msimulizi wa Unguja hakuwa na mwenye hadithi wa kumwogopa, na Shaaban Robert alichota kisimani kama walivyochota wote. Ilipofika 1967 kitabu kina mwandishi, kina haki, na mfasiri hana ruhusa ya kumgeuza nguruwe kuwa ngiri, achilia mbali mbuzi. Tulipata uaminifu kwa matini. Kile kipaji cha kutazama mnyama wa mgeni na kumuuliza, wewe hapa kwetu ungekuwa nani, tulikipa likizo.

Ndiyo maana ule mswada wa paka mwenye buti uliniudhi. Sina ugomvi na Perrault, na mtoto wa Nairobi ana haki ya kumjua paka wake. Lakini kumwambia mtoto huyo kwamba hadithi imefika kwetu leo, ilhali imezikwa kisimani pamoja na paa tangu 1870, ni kumdhulumu. Nilimwandikia mchapishaji kurasa nne. Nilipendekeza atoe zote mbili katika jalada moja, paka upande huu na paa upande ule, watoto wasome na wabishane. Alinijibu kwa adabu kwamba bajeti haitoshi, na kwamba mwisho wa ile ya paa unahuzunisha mno kwa watoto wa darasa la tatu.

Basi nikaijaribu mwenyewe. Mjukuu wangu yuko darasa la tatu. Jumapili moja nilimsimulia yote, thumuni, almasi, nyoka wa vichwa saba, bikizee, uji, kisima. Hakulia. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Babu, paa alifufuka?" Nikamwambia hapana. Akataka kujua kama Hamdani aliwahi kwenda kumwomba msamaha pale kaburini. Nikamwambia kitabu hakisemi. Jioni bibi yake alipomwekea uji mezani aliutazama kwa muda, akausukuma kando, akasema yeye leo atakula mkate.